Ukimpa mtoto kisu, kaa naye saa ya kwanza

KIBARAZANI
Na Athumani Shekue

Dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga saa mbili usiku. Hakuanza na salamu. "Kaka, kile kisu chako kimemkata mtoto."

Kisu kilikuwa cha mpwa wangu tangu wiki moja nyuma, nilipomkabidhi kikiwa kimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa, pongezi ya kumaliza darasa la saba. Lakini dada alisema kweli. Kilikuwa bado changu. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, tukapiga picha, nikapanda basi kurudi Dar es Salaam. Sikumwonyesha hata namna ya kukifunga.

Siku ile alikuwa anatengeneza manati. Alikata panda ya mpera, akaibambua gome vizuri kabisa, kisha akataka kutoboa tundu la kupitishia mpira. Akasimamisha ncha ya kisu juu ya mti, akakandamiza, akazungusha. Ncha ikakwama, kisu kikajikunja, makali yakarudi kwenye kidole cha shahada cha mkono ule ule ulioshika mpini. Akajifunga kipande cha kanga, akaingia chumbani, akalala na mkono chini ya mto. Alikaa hivyo tangu alasiri hadi magharibi, mpaka mdogo wake alipoona damu kwenye shuka. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alinijibu, "Niliogopa mtakichukua, mjomba."

Jibu hilo liliniuma kuliko habari ya jeraha lenyewe.

Nimefikiria sana ilikuwaje akakatika, maana si mtoto mgeni wa visu. Ameshika kisu tangu ana miaka saba: amemenya mihogo, amekatakata mchicha, amepaa samaki ufukweni. Bibi yake alimfundisha akiwa amekaa naye kwenye mkeka mmoja, jicho moja kwenye sufuria, jingine kwenye vidole vya mjukuu. Lakini kisu cha jikoni hakina kiungo. Mkono wake ulizoea kwamba kisu ni kitu kimoja kutoka ncha hadi mpini, na ukikisukuma hakikugeuki. Cha kukunja ni vipande viwili vilivyoshikana kwa pini. Katika vile vya kawaida, kinachokizuia kisijifunge ni springi bapa iliyolala mgongoni mwa mpini, inayobana kitako cha chuma cha kisu. Ukikata kwa kukandamiza makali, nguvu inazidi kukifungua na wewe uko salama. Ukikidunga kwa ncha, ukikitumia kama patasi, au ukigonga mgongo wake, nguvu inageuka na kukifunga. Na vidole vyako vimelala palepale makali yanapopita yakirudi ndani ya mpini.

Hili halionekani kwa macho, wala halipatikani kwa kukisia. Sharti mtu akuonyeshe.

Watengenezaji wenyewe walilijua. Joseph Opinel, fundi wa Savoie huko Ufaransa, alianza kutengeneza visu vyake vya mpini wa mbao mwaka 1890, na vilitumika bila loki hadi mwaka 1955, ilipoongezwa pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha, kisu hakijikunji. Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, alipoanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, kila kisu kilikuwa na bisibisi, kifungulia kopo na chuma cha ncha cha kutobolea, mbali na kile cha kukatia. Kazi ya kutoboa, ile ile iliyomponza mpwa wangu, ilikuwa na chuma chake. Kwa hiyo ukinunua kisu cha kumpa mtoto, tafuta chenye pete au loki, na usiishie hapo. Loki nayo ina somo lake, kwa kuwa katika aina nyingi mtu akiitegua ili kufunga, kidole gumba kinakuwa njiani mwa makali.

Katika nchi kadhaa za Ulaya, Uingereza na Ufaransa zikiwamo, anayepewa kisu humrudishia mtoaji sarafu moja, ili kihesabike kimenunuliwa, kisije kikaukata urafiki. Kwetu nyumbani marehemu bibi yangu hakumpa mtu kisu mkononi. Alikiweka chini, mpini ukimwelekea mpokeaji, akangoja mpaka akiokote. Zamani niliona ni imani tu za wazee. Sasa naona kwamba desturi zote mbili zinamkataza mtoaji kuachia na kugeuka. Baina ya mkono unaotoa na mkono unaopokea kuna jambo la kufanywa kwanza. Mimi nilifunga karatasi ya kung'aa.

Kuna wanaosema dawa ni kutowapa watoto visu. Dada yangu ni mmoja wao. Aliniambia bora ningemnunulia viatu vya shule, akakifungia kisu kabatini. Namheshimu, ila hapa sikubaliani naye. Mtoto aliyenyang'anywa kisu atatafuta wembe, au kipande cha msumeno kilichovunjika, na safari hii atajificha zaidi. Hofu ya kunyang'anywa ndiyo iliyomlaza na jeraha wazi kwa saa kadhaa. Nami sitaki mpwa wangu awe kijana asiyejua kunoa wala kukata kamba.

Na jeraha hilo lingeweza kuwa baya zaidi. Jirani mwema alikuja mbio na unga wa kahawa. Wengine huweka majivu, dawa ya meno, hata mafuta ya taa. Yote hayo huchafua jeraha na kumsumbua tabibu atakayelisafisha. Kinachotakiwa ni kitambaa safi, kukandamiza bila kuachia kwa dakika kumi, mkono ukiwa juu, kisha maji safi na sabuni. Kwenye zahanati tabibu alimwambia akunje kidole, akinyooshe, kisha akamgusa ncha yake na kumuuliza kama anahisi. Alikuwa anatazama kama kano au mshipa wa fahamu umekatika, jambo ambalo sisi wengine tusingelifikiria. Alimshona nyuzi tatu na kumchoma sindano ya pepopunda. Wanaume, hili litazameni kwa makini: mama zetu na dada zetu hukumbushwa chanjo hiyo wakiwa wajawazito, lakini wengi wetu mara ya mwisho tuliipata tukiwa wachanga, na kinga yake hufifia.

Likizo iliyofuata nilirudi Tanga. Nilimwomba dada ufunguo wa kabati, akanipa bila neno. Tukakaa chini ya mwembe, mimi na mpwa wangu, na kinoo na kopo la maji. Tulianza na kufunga: kiganja mgongoni mwa kisu, vidole vyote nje ya mfereji wa mpini. Mara ishirini, polepole. Kisha kukata kwa kuelekea mbali na mwili. Kisha kuacha kisu kianguke kikianguka, usikidake. Kisha kunoa, kwa sababu kisu butu hukufanya utumie nguvu, na nguvu ikiteleza huwezi kuirudisha. Kovu lake lilikuwa jeupe, limekatiza kiungo cha kati cha kidole. Hakulificha.

Mdogo wake, yule aliyeona damu, alikuwa amechuchumaa pembeni tangu tulipoanza. Tulipomaliza akanyoosha mkono. Kaka yake alinitazama, akakifunga kisu, akakigeuza mpini mbele, akamsogezea. Binti akakishika. Yeye hakuachia.

"Umekishika?"

"Nimekishika."

Ndipo akaachia, akasogea akakaa karibu yake.