Tenda Wema, Nenda Zako? Funzo la Pumwani

Katika mtaa wetu wa Landless, mjini Thika, mgonjwa anapolazwa hospitalini majirani huuliza maswali mawili: anaendeleaje, na bili imefika ngapi? Swali la pili ndilo huzitoa familia jasho. Mchango huitishwa, daftari likazungushwa, kila mmoja akatoa alicho nacho. Ni desturi ya kusifiwa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba hisani, hata iwe kubwa vipi, haiwezi kuwa nguzo ya tiba ya maskini. Ushahidi umo katika historia ya Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi.

Pumwani ina asili yake katika juhudi za Joan Grigg, mkewe Edward Grigg, gavana wa Kenya kati ya 1925 na 1930. Bibi huyu alizaliwa mwaka 1897, katika miaka ya mwisho ya enzi ya Malkia Victoria. Katika enzi hiyo, mwanamke wa tabaka la juu Uingereza alilelewa akiamini kuwa kuwasaidia wagonjwa fukara ni wajibu wake. Lakini huruma hiyo ilikuwa na mizani. Mwaka 1895, Royal Free Hospital ya London ilimwajiri Mary Stewart awahoji wagonjwa, abainishe nani angeweza kulipa, na awaelekeze fukara kwenye misaada mingine. Msaada ulianza kwa kuulizwa kama unastahili.

Bibi Grigg asibezwe. Nairobi ya ukoloni ilimtaka Mwafrika kwa ajili ya jasho lake; mama Mwafrika aliyeshikwa na uchungu hakuwa katika hesabu. Chama cha ustawi kilichobeba jina la bibi huyu kilimtazama mama huyo, na mwaka 1926 msingi wa Pumwani ukawekwa. Papo hapo tusisahau kwamba aliyetoa alikuwa mke wa kiongozi wa serikali iliyomtoza Mwafrika kodi na kumpokonya ardhi. Aliyepokea hakuwa na kauli.

Wahenga walisema, "Tenda wema nenda zako." Methali hii inamfaa mtu binafsi, kwa kuwa inamkataza kungoja shukrani. Haiufai mfumo. Mtoaji akienda zake, nani atauliza kama wema ungali wema? Bibi Grigg aliondoka Kenya pamoja na mumewe mwaka 1930. Hospitali ilibaki, ikakua, ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika Afrika Mashariki. Na katika hospitali hiyo hiyo, mwaka 2010, akina mama waliojifungua walizuiliwa kwa kukosa pesa za kulipa bili. Mahali palipoanzishwa ili kumsitiri mzazi pakamgeuza mahabusu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia kulikiuka haki zao, ikaamuru walipwe fidia.

Tofauti ya maneno mawili hapa si ndogo. Fadhila humkuza anayetoa. Haki humsimamisha wima anayepokea. Kilichowathibitishia akina mama wale haki zao mahakamani hakikuwa ufadhili, bali Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinamhakikishia kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Mchango wa majirani ungewatoa wodini wawili hao tu; uamuzi wa mahakama uliwapa hoja wote watakaofuata.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi hapa. Haki isiyoeleweka ni sawa na isiyokuwepo. Chama chetu kijitolee kuandika kwa Kiswahili chepesi haki za mgonjwa na utaratibu wa kuomba kusamehewa ada, maandishi hayo yabandikwe pale mgonjwa anapopokelewa, si pale anapozuiliwa. Daftari la mchango na lizidi kuzunguka Landless, lakini lisiwe ndilo tegemeo la pekee la mgonjwa wetu.