Siku Kumi Kabla ya Safari

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uganda

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Makenke, Mbarara, kwa ajili ya ndugu zangu walioko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kila abiria anayepanda basi akiwa na mtoto mgongoni na kadi ya manjano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, mfukoni.

Safari moja, tulipokaribia mpaka, mama aliyeketi mbele yangu alishushwa kwa kukosa kadi. Alirudi upesi akiwa nayo, wino haujakauka. Hakuchomwa sindano. Alilipa, akapita. Kadi ile ilimvusha mpaka, lakini mwilini mwake haikuweka kinga yoyote.

Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya. Mbu wanaoieneza huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha malaria hakimsaidii mama aliyeko shambani wala mtoto anayechota maji. Kinga ya kutegemea ni chanjo. Dozi moja yatosha maisha yote, na tangu Julai 2016 cheti chake nacho hakiishi muda. Ila kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawaambiwi: cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Anayechanjwa asubuhi ya safari amechelewa. Ndipo wauza kadi wanapopata wateja.

Uganda inaujua ugonjwa huu kuliko nchi nyingi. Taasisi ya utafiti ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuuchunguza, na watafiti walikuwa wakiufuatilia msituni walipovikuta virusi vya Zika mwaka 1947. Mwaka 2016 ulizuka Masaka, mashariki yetu, na Rukungiri, magharibi yetu. Mwaka huohuo wasafiri waliotoka Angola walifika nao Kenya na hata China.

Nashukuru kwamba tangu 2022 watoto wa miezi 9 wanachanjwa, na kwamba mwaka 2023 na 2024 kampeni zilizunguka wilayani kuwachanja watu wazima pia. Lakini Nakivale haikai na watu walewale. Kampeni ilipita, watu wanaendelea kuingia. Mtu mzima aliyekimbia vita Kivu Kaskazini, nchini Kongo, baada ya hapo si mtoto wa miezi 9, wala hakuwapo siku za kampeni. Kesho atapanda basi kwenda kumtafuta ndugu yake Kampala, Nairobi au Goma.

Naomba wizara yako ishirikiane na Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, ili chanjo hii itolewe pale watu wanapoandikishwa, na kadi halali igongwe muhuri papo hapo. Awepo mhudumu wa kuuliza kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali: una mzio wa mayai? Una ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili? Umepita miaka 60? Chanjo haimfai kila mtu; maswali haya yanaokoa maisha, na muuza kadi hamwulizi mtu hata moja. Kampuni za mabasi nazo ziagizwe kuwatajia abiria hizo siku 10 wanapokata tiketi.

Mheshimiwa, mama yule wa kwenye basi hakuwa mhalifu. Alikuwa na safari, na hakuna aliyemchanja mapema. Tunaomba sindano imfikie mwenzake Nakivale, bila malipo, kabla hajafika stendi.

Wako,
Mkazi wa Makenke, Mbarara