Sindano Irudi Barazani

Ndugu zangu wa Bagamoyo, nanyi wa Kaole, Mlingotini, Kiromo na Mapinga, nina ombi moja: zawadi zetu tuzishone kwa mikono.

Najua siku hizi ushonaji ukitajwa, mazungumzo hukimbilia kwenye kikundi, mkopo, cherehani na soko. Hayo ni mema, na wanaolisha familia kwa cherehani nawaheshimu sana. Mimi naomba kingine: ushonaji usiouzwa. Foronya za bibi harusi zilizodariziwa na shangazi yake. Mwanasesere wa vitambaa. Mfuko wa msahafu wa mtoto anayeanza chuo. Kofia ya mume.

Kofia ndiyo inayoniumiza zaidi. Kofia ya mkono huanza na kitambaa cheupe cha pamba, vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza, kisha sindano huifuata taratibu, na vitobo vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja ili visifumuke. Vitobo hivyo hupamba na pia hupitisha hewa kichwani katika joto letu hili. Kofia moja hula wiki nyingi, hata miezi. Toka Lamu hadi Unguja na huku kwetu, wanawake waliwashonea waume, wachumba na wana wao. Leo kofia ya mashine inauzwa kwa bei isiyoweza kulipia hata uchovu wa macho ya mshonaji. Kwa bei, kofia ya mkono haitashinda. Itaendelea kuwepo endapo yupo mtu anayeishona kwa sababu anamjua atakayeivaa, na hivyo ndivyo ilivyotufikia sisi.

Mji wetu huu nguo umeijua zamani. Karne ya 19, misafara ilipotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi walibeba merikani, kaniki na shanga. Nguo ndiyo ilikuwa fedha ya njiani, ikihesabiwa kwa doti. Kanga nayo, kama inavyosimuliwa, ilianzia kwenye sindano: wanawake wa Unguja walinunua leso za mraba zikiwa zimeungana kama jora, wakazikata tatu tatu, wakaziunga zikawa vazi la leso sita. Wachapaji wa nguo walikuja nyuma yao.

Basi mama zangu na bibi zetu mnaojua kudarizi, tupeni alasiri moja kwa wiki. Kaeni barazani muwaite wajukuu, wa kike na wa kiume. Wavulana wasifukuzwe, pwani hii mafundi wa kanzu wengi ni wanaume, na darizi ile ya shingoni hakuna anayeiita kazi ya kike. Mtoto aanze na kupiga bandi, kisha apinde ukingo wa leso, ndipo afundishwe mshono wa mnyororo. Kofia asianzishiwe mapema, atakata tamaa.

Mafundi cherehani, vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya meza msivichome. Wekeni kapu mlangoni, watoto wapite wachukue.

Na nyumba ngapi zina kanga za bibi aliyekwisha kutangulia, zimefungiwa sandukuni zikiliwa na mende? Zitoeni. Zilizochakaa zikatwe viraka viungwe kuwa blanketi la kitukuu ambaye hakumwona bibi huyo. Wapo watakaosema ni kuharibu kumbukumbu. Mimi naona mtoto aliyelala ndani ya kanga za bibi yake amepata zaidi ya sanduku lililofungwa.

Wenzetu wa TaSUBa, chuo chenu cha sanaa hapa mjini kimelea ngoma, maigizo na uchongaji tangu 1981, na tamasha lenu hujaza mji watu. Tunaomba humo kona ya sindano, wazee wetu wakae washone, vijana wakae karibu waulize.

Mwenye nia ya kofia aanze sasa. Akingoja Ramadhani iandame, Idi itamkuta hajamaliza hata ukanda. Mpime mwanao kichwa kwa uzi leo jioni, ukate, uufunge fundo, kisha kesho mpelekee jirani yako anayejua kuchora nakshi.