Ukungu wa Usambara na Watu wa Haraka

Wako watu wenye elimu na cheo wasemao, tena kwa sauti ya hakimu, kwamba safari isiyo na shughuli ni uzururaji. Kwao mtu huondoka nyumbani kwa sababu nne tu: kazi, ugonjwa, arusi au matanga. Awashaye gari asubuhi bila kujua atalala wapi, akaifuata njia kwa kuwa mlima ulio mbele umejifunika ukungu, humhesabu kuwa mpotevu wa mafuta na wakati. Humtupia methali kwamba mtembezi hula miguu yake, wakadhani shauri limekwisha. Shauri halijaisha. Hukumu yao ina kasoro, na hasara ya kasoro hiyo huipata nchi nzima.

Ushahidi wa kwanza uko Mombo. Mabasi mengi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha husimama hapo abiria wapate kula. Mkono wa kuume Milima ya Usambara imesimama kama ukuta, na mara nyingi vilele vyake vimo mawinguni. Abiria huitazama juu ya sahani ya wali, dereva hupiga honi, na safari huendelea. Wako waliopita hapo tangu walipokuwa wanafunzi mpaka walipoota mvi, wasipinde kuume hata siku moja. Wakiulizwa habari za Usambara, hujibu kwamba waijua sana. Waijuayo ni sahani.

Njia ipindayo hapo hupanda mpaka Lushoto kwa mwendo wa kilomita 33 hivi, kutoka katika joto la nyika hata kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Haipandi kwa pupa. Huambaa na bonde, hupinda na kupindua, hupita Soni penye maporomoko ya maji, kisha hupanda tena. Ukungu ukishuka, yeye ndiye askari wa njia: humwamuru dereva apunguze mwendo, naye asiyetii huhatarisha roho yake na roho za wenziwe. Amtiiye hulipwa mambo ambayo hayakuwamo katika shauri lake. Husimama kununua mapeasi, akapata mazungumzo. Husikia kwamba Washambaa waigawanya dunia yao sehemu mbili, Shambaai iliyo juu na nyika iliyo chini, na papo hapo hutambua kwamba mpaka wa nchi mbili hizo ameuvuka kwa ngozi ya mwili wake, pale alipofunga kioo cha gari kwa baridi.

Mtu wa haraka naye hupanda siku moja moja, lakini hupanda na ratiba. Hufika katika jabali la Irente, lililo karibu na Lushoto, apate kupiga picha ya nyika iliyo chini sana kwa Mazinde. Akikuta ukungu umeziba, hutazama saa, hulalamika kwamba fedha yake imepotea, hugeuza gari. Lau angalikaa kitako nusu saa, huenda angaliona pazia likifunguka na mashamba ya katani yakitokea kidogo kidogo. Hakuibiwa na ukungu, amejiibia mwenyewe.

Hapa wapinzani huleta hoja yao yenye nguvu, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Husema kwamba uzuri wa ukungu ni anasa ya mwenye gari. Mama ashukaye alfajiri na tenga la kabichi kichwani haoni uzuri wowote. Huona utelezi, baridi, na gari la mzigo lililochelewa. Ni kweli. Tena neno lenyewe lamshuhudia, kwa maana ukungu katika Kiswahili si moshi wa maji peke yake. Ni uvundo uotao juu ya mkate uliolala, ni maradhi yaharibuyo majani ya viazi wakati wa unyevu, na ni nuru ya kwanza ya alfajiri. Mama yule azijua maana zote nne, na baadhi yake amezilipia kwa mavuno yake.

Lakini hoja hiyo haimtetei mtu wa haraka, yamshitaki. Nani atakayezijua taabu za mama yule? Si yule ampitaye kwa kasi akimrushia tope. Ni yule asimamaye, aamkiaye, aulizaye bei na habari za shamba. Wala gari si sharti. Gari la abiria lapanda kutoka Mombo kila siku, na miguu haikuuzwa. Kinachotakiwa ni siku moja isiyokodishwa kwa mtu.

Na ziko faida ambazo wenye hesabu watazikubali. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii, hupanda, hupoa, zikawa wingu. Msitu hulichuja wingu hilo: matone hushikwa na majani, hudondoka, huingia ardhini, hutokea kuwa chemchemi. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara ya Mashariki, hutoka Mto Sigi, ambao maji yake huupa kinywaji mji wa Tanga. Mtu wa Tanga afunguapo bomba hunywa ukungu, na aghalabu hana habari. Siku atakapoambiwa kwamba msitu wakatwa, atasikitika kwa adabu kama asikiavyo msiba wa jirani asiyemjua. Watu hawakitetei wasichokijua, wala hawakijui walichokipita mbio.

Walioenda pole katika nchi hii wengi walikuwa wageni. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alitazama ua dogo la rangi ya zambarau katika nchi ya Tanga na Usambara, akalipeleka kwao. Mwaka 1893 ua lilipewa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa yake, na leo laoteshwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Hapana shaka wenyeji walikuwa wakiliona kabla babu yake hajazaliwa. Lakini jina lililoandikwa vitabuni ni la yule aliyesimama akaandika. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba wasomi wa leo, wenye kalamu na uhuru, bado wapita bila kusimama.

Wala desturi hii si ya kigeni. Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, amesimulia jinsi Mbegha alivyofika Usambara. Mbegha hakutoka kwao kwa hiari, bali kwa kuchukiwa na jamaa zake. Hata hivyo hakuwa na ratiba ya kufika Vuga. Alitoka pori hata pori akiwinda, akigawa nyama, akizungumza na watu, mpaka mtembezi yule akafanywa mfalme. Enzi ya Wakilindi ilizaliwa na miguu isiyojua itafika wapi.

Waandishi nao wamo katika lawama. Katika hadithi nyingi ukungu ni pazia la huzuni tu, lililoazimwa katika vitabu vya nchi za baridi na kuangikwa popote moyo wa shujaa uumiapo. Hauloweshi nguo, hauozeshi viazi, haumleti jirani aliyepotea njia. Mwandishi ameupata mezani, na harufu ya meza haitoki.

Basi mwenye mgonjwa na awahi, na mwenye kazi ya watu na awahi. Lakini aliye na siku yake mwenyewe, akafika Mombo, akaona milima imejifunika, na apinde kuume bila kuuliza atarudi saa ngapi. Na mwenye kumwita mzururaji kwanza aeleze mwenyewe, katika safari zake zote za kupita hapo, ameona nini.