Kofia ya pikipiki isiwe hati ya kumpita askari

Imekuwa desturi, kila litokeapo balaa la pikipiki, lawama zote kumwangukia dereva wa bodaboda. Husemwa kwamba ni mkaidi, kwamba hana elimu ya usalama barabarani, kwamba kofia anayo lakini haivai. Maneno hayo hutamkwa kwa wepesi maofisini na katika vyumba vya walimu, na aghalabu hutamkwa na watu ambao asubuhi ileile wamefika kazini wakiwa wamepakiwa na dereva huyohuyo, vichwa wazi, mkoba mapajani.

Ni kweli kwamba kofia nyingi hazivaliwi. Katika Kata ya Themi, kwenye njia itokayo mjini Arusha kuelekea viwandani na Njiro, si ajabu kuona kofia imening'inizwa kwenye usukani au imevikwa kiwikoni, ikimsubiri askari. Akionekana mbele, kofia hupanda kichwani. Akiisha kupitwa, hushuka. Lakini jambo likifanywa na maelfu ya watu wazima wenye familia na madeni ya pikipiki ya kulipa, kulieleza kwa neno moja la ukaidi ni uvivu wa kufikiri. Watu hawa wanajua kuhesabu. Hawaivai kofia kwa sababu waliyouziwa haikutengenezwa kwa kazi wanayoifanya, na mara nyingi haikutengenezwa kwa kazi yoyote ila kuonekana.

Itazamwe kazi yenyewe. Dereva anayeegesha Themi humpeleka abiria wa kwanza Kijenge kwa lami, wa pili humpandisha njia za mawe na matope katikati ya migomba ya Meru, ambako pikipiki huenda mwendo wa miguu, na wa tatu humkimbiza barabara ya Moshi, ambako mabasi na malori humpita kwa kishindo. Yote hayo huweza kutokea katika saa mbili. Akiitwa upande wa pili wa mlima, Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, kusikopata mvua ya kutosha, hukutana na vumbi laini la udongo wa volkano lipenyalo machoni, puani na katika kila tundu. Julai asubuhi ni ukungu na baridi ya kutia ganzi vidole. Februari mchana ni jua la utosini. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wapandao pikipiki za lami na pori kwa burudani, nao wamebuniwa kofia za namna yake kwa ajili hiyo. Dereva wa Arusha hufanya safari hiyohiyo kila siku bila kuiita mchezo, na kofia yake ni ile iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani.

Basi anataka nini? Akiulizwa kwa heshima, pasipo askari kusimama karibu, hueleza vizuri. Anataka kofia nyepesi, kwa kuwa ataivaa tangu alfajiri hata usiku na shingo ni yake. Anataka matundu ya hewa yanayofunguka mwendo unapokuwa mdogo na jua kali, na yanayofungika baridi inaposhuka. Anataka kioo kisichokwaruzwa na vumbi kwa wiki mbili tu, maana kioo chenye mikwaruzo usiku huitawanya taa ya gari lijalo hata barabara yote ikawa mwanga mtupu. Anataka ukingo wa kukinga jua ambao hautavutwa na upepo akienda kasi kwenye lami. Anataka kidevu kifunikwe, kwa sababu kwenye mawe mtu huanguka kifudifudi. Anataka kuona pembeni, kusikia honi na kusikia abiria anapomwambia ashukie wapi. Mwisho, anataka kitambaa cha ndani kinachovuliwa, kikafuliwa jioni na kukauka asubuhi. Katika orodha hiyo hakuna anasa hata moja. Ni mahitaji ya mfanyakazi juu ya zana yake, kama mwalimu anavyotaka ubao unaoandikika.

Anachopata ni ganda jembamba la plastiki, ndani yake sifongo laini, na mkanda ambao kifungo chake hufa kabla ya mwezi kuisha. (Wengi huiita “elementi”, na wasomi huwacheka kwa jina hilo, ingekuwa heri wakaicheka kofia yenyewe.) Wapo hata wanaovaa kofia za mafundi wa majengo, ambazo kazi yake ni kuzuia tofali lidondokalo kutoka juu, wala si kichwa kinachorushwa kwenye lami.

Yafaa jambo hili lieleweke vema, kwa kuwa hapo ndipo ulipo udanganyifu wote. Ganda la nje la kofia huzuia ncha na kulitawanya pigo. Lakini kinachouokoa ubongo ni povu gumu lililo chini ya ganda, la jamii ya lile linalofungashiwa televisheni. Likipigwa hupondeka, na katika kupondeka hula nguvu ambayo ingelifikia fuvu, hata kichwa kikasimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafla. Likishapondeka halirudi tena. Kofia iliyokwisha kupokea pigo kubwa imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa. Sifongo halifanyi kazi hiyo kabisa. Sifongo ni la kustarehesha mashavu. Mwenye kununua anaweza kubonyeza ndani ya kofia kwa kidole gumba: akikuta ulaini mpaka kidole kinagusa plastiki, ajue ameshika bakuli.

Elimu hii si ngeni. Mei 1935, T. E. Lawrence, askari na mwandishi wa Uingereza aliyepata umaarufu huko Arabuni, alianguka na pikipiki akafa baada ya siku 6. Miongoni mwa waganga walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns hakuliacha jambo lile liishie makaburini. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha thamani ya kofia. Jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuzivaa. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Makadirio hayo ni ya kofia. Si ya bakuli.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, mwaka uleule ambao Uingereza iliwalazimisha raia wake kuvaa kofia za pikipiki. Wakati huo pikipiki ya kubeba abiria kwa nauli haikuwapo nchini. Biashara hiyo ilikuja kuwekewa kanuni zake mwaka 2010. Sheria inamtaka mpanda pikipiki avae kofia, na ni sawa. Lakini baina ya kuvaa kofia na kuvaa kofia inayozuia kifo kuna umbali mkubwa, na askari aliyesimama kwenye mzunguko wa barabara hana kipimo cha kuupimia. Yeye huona kichwa kimefunikwa au hakikufunikwa. Kwa macho hayo, bakuli la plastiki na kofia bora ni kitu kimoja, na dereva mwenye akili hununua kile cha bei ndogo. Mwaka 2021 faini za pikipiki na bajaji zilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Hatua hiyo ilikuwa ya huruma kwa watu wa kipato kidogo na haistahili kubezwa. Hata hivyo imelidhihirisha lililokuwa likifichika: maadamu sheria inatazama kufunikwa kwa kichwa tu, kofia itabaki kuwa hati ya kumpita askari, na hati hununuliwa kwa bei ya hati.

Vietnam imepita njia hiyo. Tangu Desemba 15, 2007, kila mpanda pikipiki wa nchi ile alitakiwa kuvaa kofia, na karibu watu wote wakatii kwa muda mfupi wa kushangaza. Kisha ikagundulika kwamba mitaa imejaa kofia hafifu zilizouzwa kando ya barabara. Utii ulikuwapo, ulinzi haukuwapo.

Kosa hili halimhusu dereva wa bodaboda peke yake, na hapa watumishi wa umma wajitazame. Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa Waratibu Elimu Kata ili wazifikie shule. Mwaka 2022 maelfu nyingine zilianza kugawiwa kwa maofisa ugani. Hatua hizo zilikuwa njema, na shule nyingi za pembezoni zimeonja faida yake. Hawa ndio wapanda pikipiki wa lami na pori kwa maana halisi: ofisa ugani wa Arumeru hutoka ofisini kwa lami na kumaliza siku yake shambani ambako hakuna barabara. Swali la kuuliza ni hili: katika zabuni ya pikipiki, ambamo ukubwa wa injini, matairi na dhamana huandikwa kwa kirefu, kofia huandikiwa nini? Ikiwa huandikwa “na kofia moja” bila vipimo, basi muuzaji ataleta kofia moja, ya aina aliyoipata kwa bei ndogo kuliko zote. Ofisa manunuzi anayeandika hivyo hajavunja kanuni. Ila amempeleka mwenzake kazini bila zana, na hilo haliwezi kusamehewa kwa kuwa karatasi zilikuwa safi.

Abiria naye ana hoja zake, na si upuuzi. Kofia ya abiria huvaliwa na watu ishirini kwa siku. Mwanamke aliyesukwa nywele jana hataitia kichwani kofia yenye jasho la watu asiowajua, na hofu yake ya upele na chawa ni hofu ya mtu msafi. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ililiona hilo ikawapa abiria vifuniko vyepesi vya nywele vya kuvaa chini ya kofia. Mjini Kigali abiria wa pikipiki kuvaa kofia ni jambo la kawaida, wala Wanyarwanda hawana vichwa vya namna nyingine. Kinachotofautiana ni kwamba huko kofia ya abiria imehesabiwa kuwa sehemu ya chombo, kama breki. Kitambaa cha mkononi kinatosha kuanzia.

Na watoto? Kila mwalimu wa shule ya msingi ameiona pikipiki ikisimama langoni na kuteremsha watoto watatu au wanne, ile ambayo watu wameipa jina la mishikaki kana kwamba ni mzaha. Hakuna hata mmoja mwenye kofia, na kama ingekuwapo ingekuwa ya mtu mzima, yenye kuzunguka kichwani na kumziba macho. Mzazi hulipa kwa mwezi, mwalimu hupokea mtoto, kengele hulia. Mkutano wa wazazi huweza kujadili rangi ya soksi kwa saa nzima na jambo hili lisitajwe.

Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975 kwa kazi ya namna hii hasa. Kofia nyingi huingia nchini kwa shehena, zikipitia bandarini Dar es Salaam na mipakani kama Namanga, na ni rahisi zaidi kuipima shehena moja kuliko kuwasimamisha madereva elfu kumi barabarani. Kofia chache zitolewe katika kila shehena, zidondoshwe juu ya chuma kwa vipimo vinavyojulikana duniani, mikanda yake ivutwe, na shehena ikishindwa irudishwe au iteketezwe. Itasemwa kwamba bei zitapanda na mnyonge ataumia. Hoja hiyo husemwa zaidi na wafanyabiashara wa plastiki, ambao huruma yao kwa wanyonge haijapata kuonekana mahali pengine. Serikali ikitaka kumpunguzia dereva gharama, iitazame kodi ya kofia zilizofaulu vipimo, si kuacha mlango wazi kwa zilizoshindwa.

Tena si lazima zote zitoke ng'ambo. Arusha ni mji uliokuwa ukitengeneza matairi katika kiwanda cha General Tyre, ukiuza hata nje ya mipaka. Una Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1978, una CAMARTEC ya kubuni zana za vijijini, na pale Tengeru ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Kuchunguza ni kofia ipi inafaa kwa joto, vumbi na lami ya Meru ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa wataalamu hao, na madereva wa kuijaribu wako mlangoni mwao.

Kila Agosti wakulima na maofisa ugani wa Kanda ya Kaskazini hukutana katika viwanja vya Nanenane, Themi. Hufika kwa pikipiki. Pawekwe banda moja, fundi mmoja na msumeno. Kila aina ya kofia inayouzwa mjini Arusha ikatwe katikati, bei yake ibandikwe chini yake, na wananchi waachwe wapite wakiangalia kilichomo ndani.