Goma: Kufuli la kisu cha kukunja si ulinzi wa vidole

Katika masoko ya Goma, wauzaji wa visu vya kukunja wana neno moja wanalolirudia tangu asubuhi: "Hiki kina kufuli, hakiwezi kukukata." Muuzaji anakifungua kisu, kinalia "tak", anamwonyesha mama bapa lililosimama wima, kisha anataja bei. Mama aliyekimbia vita na kuacha panga, mundu na visu vyote vya jikoni nyumbani anatoa franka zake. Anaamini kwamba amenunua kisu na usalama kwa bei moja. Amenunua kisu tu.

Mbele ya vita, njaa na kipindupindu, habari ya kisu inaweza kuonekana ndogo. Lakini familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru haina tena shamba, haina mbuzi, haina duka. Mtaji uliobaki ni mikono: kulima vibarua, kubeba mizigo, kusuka nywele, kufua, kushona, kusukuma chukudu. Mwenye mikono mizima anaweza kurudi jioni na unga. Mshipa wa kidole ukikatika, nyumba nzima inalala njaa. Ndiyo maana uongo huu wa sokoni lazima uitwe kwa jina lake.

Baba mmoja aliyehamia pembeni ya mji pamoja na watoto watano alinunua kisu cha namna hiyo ili apasue mianzi ya kibanda chake. Siku ya kwanza kilikata vizuri. Siku ya nne ncha ilikwama ndani ya mwanzi. Alipokivuta huku akikitikisa, kufuli liliachia na bapa likarudi kwenye mpini, vidole viwili vikiwa katikati. Majirani walimfunga kitambaa, kisha wakatoa hukumu: hajui kushika kisu. Muuzaji naye, alipoonyeshwa kile kisu, alisema vilevile. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kitu kinachoitwa kufuli kilishindwa kufunga.

Jibu liko ndani ya mpini. Visu vingi vya bei rahisi vina kibati chembamba cha chuma kilichopindwa kidogo kuelekea katikati. Bapa likifunguka hadi mwisho, kibati hicho huruka na kusimama nyuma ya shina lake, kama kijiti kinachowekwa nyuma ya mlango. Mtu akitaka kukunja kisu, anakisukuma kibati pembeni kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo siri yote ya "kufuli". Kazi hiyo ikifanywa na kiwanda makini, kwa chuma kigumu na vipimo sawasawa, kibati kinashika vizuri kwa miaka. Ikifanywa haraka kwa chuma laini, kibati kinashika ukingo tu, na ukingo huo unaliwa kila kisu kinapofunguliwa.

Kuna mambo mengine yanayokilegeza. Skurubu ya kiungo inalegea na bapa linaanza kucheza. Unga wa muhogo, maji ya muwa na vumbi vinaingia ndani na kuganda, na vumbi la Goma ni la mawe ya volkano, linasaga chuma kama msasa. Mkono ukipinda wakati wa kukata, mpini hafifu unapinda nao na kibati kinasogea. Hata nyama ya kidole, mtu akikaza mkono, inaweza kukisukuma kibati bila mwenyewe kujua.

Lakini jambo kubwa ambalo wauzaji hawalisemi ni upande ambako nguvu inatoka. Mtu anapokata nyanya, sombe au kamba, nguvu inasukuma bapa lizidi kufunguka. Hapo kufuli halina kazi kubwa, hata kisu kisicho na kufuli kingetosha. Hatari inakuja nguvu ikigeuka na kulisukuma bapa kwa mgongoni: ncha inapotumiwa kutoboa bidoni au turubai, kisu kinapokwama kwenye mti na kutikiswa, mtu anapokichomeka mahali na kukipindua kama mtarimbo. Hapo uzito wote unaangukia kile kibati kidogo. Basi ukweli ni huu: kwa kazi nyepesi kufuli halihitajiki, na kwa kazi nzito kufuli la bei rahisi halitoshi. Linauzwa kwa sifa ya kazi ambayo haliiwezi.

Si kila kufuli ni la kibati. Kuna visu vyenye kipande cha chuma mgongoni mwa mpini, kinachoingia kwenye pengo la shina la bapa na kushikiliwa na springi, au resori kama mafundi wanavyosema. Namna hii ni imara zaidi ikitengenezwa vizuri. Lakini uchafu ukijaa katika lile pengo, kipande hakizami chote, na kisu kinaonekana kimefungwa kumbe kimeegemea tu. Kuna pia visu vya Opinel vya Ufaransa, vyenye mpini wa mti. Tangu mwaka 1955 vingi vyake, isipokuwa vile vidogo sana, vina pete ya chuma shingoni ambayo mwenye kisu anaizungusha ili izuie bapa lisirudi. Pete ni kitu rahisi na kinachoonekana kwa macho. Ila haijizungushi yenyewe, na mwenye kuisahau hana kufuli lolote.

Wazee wengi walitumia visu vya kukunja miaka mingi bila kufuli. Kisu cha Douk-Douk, kinachotengenezwa Thiers nchini Ufaransa tangu mwaka 1929 na kilichouzwa sana katika nchi nyingi za Afrika, hakina kufuli hata leo. Kina springi ngumu tu. Mwenye kisu kama hicho anajua kwamba bapa linaweza kurudi, kwa hiyo hakichomeki, hakipindui nacho, na vidole vyake vinakaa mbali na njia ya makali. Hofu yake ndiyo inayomlinda. Kufuli bovu linamwondolea mtu hofu hiyo bila kumpa chochote badala yake. Ndiyo maana ni baya kuliko kutokuwa na kufuli kabisa.

Wapo wanaosema kwamba kila ajali ya kisu ni kosa la mtumiaji. Neno hilo lina ukweli nusu. Ni kweli, mtu hapaswi kutumia kisu cha mfukoni kama patasi. Lakini muuzaji akisema "hakiwezi kukukata", amekwisha kumfundisha mteja kukitumia hivyo. Mtu hawezi kusifu ngao asubuhi, kisha jioni amlaumu aliyejikinga nayo. Wengine wanasema maskini hana uchaguzi, anunue kinachopatikana. Hilo nalo si kweli. Kwa pesa hizohizo, au pungufu, sokoni kuna kisu cha jikoni ambacho bapa lake halikunjiki.

Kisu kisichokunjika hakiwezi kurudi kwenye vidole, kwa sababu hakina kiungo cha kurudia. Ndiyo sababu seti za vyombo vya jikoni zinazogawiwa familia zilizohamishwa na vita huwa na kisu cha namna hiyo. Familia yenye kisu hicho isikiuze ili inunue cha kukunja kwa kuwa kinang'aa na kinaingia mfukoni. Kama tatizo ni kukibeba, ala inaweza kukatwa kutoka kwenye bidoni lililopasuka, ikashonwa kwa waya, au ikatengenezwa kwa katoni nene na kufungwa kamba. Kupasua mianzi na miti ya kibanda ni kazi ya panga. Jirani mwenye panga aombwe. Kuazima panga hakuna aibu.

Kwa anayehitaji kisu cha kukunja hata hivyo, asinunue kwa kusikia "tak". Akifungue mwenyewe na kulitikisa bapa juu na chini, kushoto na kulia. Likicheza, akirudishe. Atazame ndani ya mpini: kibati kiwe kimeingia vizuri nyuma ya shina la bapa, kisiwe kimegusa ukingoni tu. Kisha amwombe muuzaji ashike mpini kwa pembeni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali, na aukandamize mgongo wa bapa polepole juu ya ukingo wa meza. Kufuli likiachia hapo, litaachia pia kwenye mwanzi. Muuzaji akikataa kukifanyia kisu chake jaribio hilo, amekwisha jibu. Hata hivyo, kisu kilichopita jaribio leo kinaweza kushindwa baada ya miezi miwili. Kioshwe, kikaushwe, kitiwe tone la mafuta kwenye kiungo, skurubu ikazwe, na jaribio lirudiwe.

Watoto ndio habari nzito kuliko zote. Kuna methali inayosema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ilikusudiwa kufundisha kwa maumivu madogo, na ilisemwa katika nyumba yenye mama karibu na maji safi mtungini. Haikusemwa kwa mtoto wa miaka tisa anayeachwa kibandani amenye muhogo wa wadogo zake wakati wazazi wako kwenye vibarua. Mtoto ana mkono mdogo, na vidole vyake vinafika kwenye njia ya bapa haraka. Tena hana nguvu ya kusukuma kibati kwa kidole gumba, kwa hiyo anakunja kisu kwa kukisukumia pajani au ukutani. Mzazi asimpe mtoto kisu cha kukunja kwa sababu "kina kufuli". Akimpa kazi ya kumenya, ampe kisu kifupi kisichokunjika, na mtu mzima awepo.

Ajali ikitokea, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara ili kutazama, na mkono uinuliwe juu. Lisitiwe majivu, udongo, dawa ya meno wala petroli. Kama damu haikomi, kama kidole hakikunjiki au hakinyooki, au kama ncha yake imekufa ganzi, mtu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu huenda mshipa umekatika. Huko aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Watu wengi hudhani ugonjwa huo unaletwa na kutu tu. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na kisu kinachong'aa kikianguka chini kinavibeba vilevile.

Wauzaji hawaambiwi waache biashara. Nao wana watoto wa kulisha. Wanaombwa wabadilishe sentensi moja. Badala ya "hakiwezi kukukata", waseme: "Ni cha kukata vitu vyepesi, usikichomeke, usimpe mtoto." Atakayesema hivyo pengine atauza visu vichache zaidi siku ya soko. Lakini hatarudishiwa kisu chenye damu na mtu ambaye hana tena mkono wa kubebea mzigo.