Tusimwite Mvivu Mwalimu Aliyechoka

Mwalimu mmoja wa kike ninayemfahamu, afunzaye katika shule ya upili huku Embu, alikuwa akiuegemea ubao kila ifikapo saa sita mchana. Wanafunzi walicheka. Wenzake katika chumba cha walimu walinong'ona kwamba ni mvivu. Wengine, kwamba amerogwa. Miaka ilipita kabla daktari hajalitaja jina la maradhi yake: maltipo sklerosisi.

Katika maradhi haya, kinga ya mwili huuasi mwili wenyewe na kuushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe hukawia njiani au hupotea kabisa. Miguu hufa ganzi, macho huingia ukungu, na uchovu humwangukia mtu pasipo kazi nzito. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani, wanawake wakiwa angaa mara mbili ya wanaume. Kwetu, karibu na ikweta, ni maradhi adimu, na uadimu huo ndio unaomponza mgonjwa, kwani hakuna anayeyadhania.

Sasa mwalimu huyu ameanza mazoezi ya kupumua ya yoga, na minong'ono imeanza upya: eti ameiacha dini. Ni kweli kwamba yoga ilizaliwa India katika mazingira ya ibada. Lakini kuketi kitini, mgongo wima na kiganja juu ya tumbo, kuvuta hewa kwa pua hadi tumbo litune, kisha kuitoa polepole zaidi, ni somo la kiwambo na mapafu ambalo mwalimu wa baiolojia hulifundisha kila mwaka bila kuitiwa kasisi!

Tusidanganyane. Pumzi haiushoni upya utando ulioharibika, wala haishiki nafasi ya dawa. Aahidiye hayo ni tapeli. Hata hivyo hutuliza moyo, huipa mazoezi misuli ya kifua ambayo maradhi haya huweza kuidhoofisha, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya uchovu. Kwa kuwa joto huzidisha dalili, mkazi wa Siakago na afanye alfajiri. Wa Runyenjes, penye ubaridi wa Mlima Kenya, ana nafasi zaidi. Akihisi kizunguzungu, aache.

Ombi langu kwa walimu wakuu wa Meru na Embu ni dogo. Mwalimu wa namna hii apangiwe vipindi vya asubuhi, apewe kiti darasani, na robo saa ya faragha wakati wa mapumziko. Nanyi wanafunzi mtakaomwona ameketi kimya, amefumba macho, piteni mbali na dirisha.